Nguo za Wapambe wa Bibi Harusi: Patana Kabla Mkasi Haujagusa Kitambaa

Msimu wa harusi katika nyanda za juu za Kigoma huanza pale mavuno yanapoingia ghalani. Mvua zikishakatika, mahindi na maharage yakishauzwa, kadi za michango husambazwa Kasulu na Kibondo, kamati hukutana kila jioni, na taa za mafundi cherehani huwaka hadi usiku wa manane. Ni wakati wa furaha. Ni wakati pia ambao fedha nyingi za familia za kawaida hubadili mikono katika muda mfupi.

Matumizi makubwa ya harusi huwa na mlezi wake. Ukumbi, chakula, muziki na usafiri husimamiwa na kamati yenye mwenyekiti, katibu na mhazini. Nguo za wapambe, yaani wasichana na wanawake wanaomsindikiza bibi harusi, aghalabu hubaki nje ya daftari hilo. Bibi harusi huchagua mtindo kwenye simu, shangazi hununua kitambaa, kila mpambe hutuma fedha kwa wakati wake, fundi huchukua vipimo, na hakuna hata mmoja mwenye karatasi inayoonesha yote yaliyokubaliwa. Gauni likibana, likichelewa au likichujuka rangi, kila mmoja humtazama mwenzake.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kuchagua, kununua na kushonesha nguo za wapambe bila kupoteza fedha wala undugu. Ushauri wetu wote unasimama juu ya jambo moja: mambo muhimu yakubaliwe na kuandikwa kabla kitambaa hakijakatwa. Kitambaa kizima kinaweza kurudishwa, kubadilishwa au kuuzwa. Kilichokatwa kwa kipimo cha mtu mmoja hakina tena mnunuzi mwingine.

Nani analipa?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linaloogopwa kuliko yote. Desturi hazifanani duniani. Nchini Marekani mpambe hutarajiwa kujinunulia nguo yake. Uingereza gharama hiyo mara nyingi hubebwa na bibi harusi au wazazi wake. Kwetu hakuna kanuni moja. Kuna familia ambazo kamati hulipia kila kitu, kuna ambazo bibi harusi hutoa kitambaa na mpambe hulipa ushonaji, na kuna ambazo mpambe hujilipia kuanzia uzi hadi viatu. Kila utaratibu una heshima yake, mradi umesemwa mapema.

Tatizo hutokea pale bei inapotajwa nusu. Tutoe mfano, kwa tarakimu za kueleza jambo tu, kwani bei hutofautiana kwa duka na kwa msimu. Mpambe anaambiwa kwamba gauni litagharimu shilingi 60,000. Hesabu yake ni hii: kitambaa mita 4 kwa shilingi 6,000 kila mita, jumla 24,000, bitana 6,000, zipu na uzi 2,000, mapambo 3,000, na ushonaji 25,000. Anakubali. Wiki mbili kabla ya harusi anaarifiwa kwamba viatu lazima viwe vya rangi moja, shilingi 25,000. Kusuka nywele, shilingi 15,000. Na nauli ya kwenda na kurudi kujaribisha gauni, shilingi 20,000. Aliyejipanga kwa 60,000 sasa anadaiwa 120,000, na siku ya kujitoa imekwisha kupita.

Kwa binti aliyeuza debe la maharage ili apate mchango wake, nyongeza hiyo huwa mkopo. Wengi hukopa kimya kimya kwa kuogopa kuonekana wamemdharau bibi harusi. Ndiyo maana tunashauri kwamba anayewaalika wapambe ataje gharama nzima siku ya kwanza: nguo, viatu, nywele na nauli. Amweleze kila mmoja peke yake, si mbele ya kundi, na ampe siku mbili tatu za kufikiri. Kusema mapema kwamba huna uwezo si dharau. Ni kumsaidia bibi harusi apange vizuri.

Ikiwa mpambe ana umri chini ya miaka 18, kama walivyo wanafunzi wengi wa sekondari, makubaliano ya fedha yafanywe na mzazi au mlezi wake. Mtoto hana uwezo kisheria wa kuingia mkataba, na si haki kumwachia deni.

Mtindo unaofaa mahali na mwili

Picha inayopendeza kwenye simu ilipigwa mahali pengine, juu ya mwili mwingine. Kabla ya kuichagua, jiulize maswali matatu.

La kwanza ni la ibada. Makanisa na misikiti ina taratibu zake kuhusu mabega, mgongo na kichwa. Muulize mapema paroko, mchungaji au imamu, au mtu anayehusika na taratibu za ndoa. Fundi akishamaliza kushona gauni lisilo na mikono, kulitilia mikono ni kazi mpya yenye gharama mpya, na kitambaa cha rangi ileile huenda kimekwisha dukani.

La pili ni la hali ya hewa na njia. Kasulu na Kibondo ziko juu kuliko ukanda wa Ziwa Tanganyika, na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi. Katika kiangazi vumbi la njia za vijijini ni jingi. Masika huleta tope. Gauni jeupe linaloburuza chini huenda likafika kanisani limebadilika rangi. Upindo unaoishia juu ya kifundo cha mguu, au rangi iliyokolea, huondoa wasiwasi huo bila kupunguza uzuri.

La tatu ni la miili. Wapambe watano hawawi na umbo moja. Njia nafuu ni kuchagua kitambaa kimoja na kuruhusu mishono miwili au mitatu: mmoja ashonewe gauni la kubana kiunoni, mwingine la kupwaya, na mama anayenyonyesha apate la kufunguka mbele. Sare hubaki sare kwa rangi na kitambaa, na kila mmoja huvaa kinachomkaa. Faida ya kifedha ni kwamba gauni linalomkaa mtu huvaliwa tena. Kwa sababu hiyo hiyo, wengi huchagua kitenge: baada ya harusi hufaa kanisani, kwenye sherehe nyingine, hata kazini. Vazi la mtindo wa mshanana wa Rwanda nalo lina faida ya pekee, kwani kitambaa chake hujifungwa badala ya kubana mwili, hivyo halisumbui sana mtu akinenepa au akikonda kidogo.

Kununua kitambaa

Vitenge vinavyouzwa mkoani Kigoma hutoka pande nyingi: vingine huvuka ziwa kutoka Kongo, vingine huja kwa nchi kavu kupitia mpaka wa Burundi, na vingine husafiri kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Satini, shifoni na lesi nazo huja kwa njia hizo hizo. Wingi huo ni neema kwa mnunuzi mwenye macho. Angalia mambo yafuatayo.

*Yadi si mita.* Vitenge vingi hufungwa kwa vipande vya yadi 6. Yadi 6 ni sawa na mita 5 na sentimita 49. Aliyelipia akidhani ananunua mita 6 amepungukiwa na sentimita 51. Kwa wapambe watano upungufu huo unazidi mita 2 na nusu, kiasi cha kumkosesha mmoja wao sehemu ya gauni. Uliza kipimo kabla ya kuuliza bei, kisha kitambaa kipimwe mbele yako kikiwa kimelazwa, si kwa kuvutwa. Kipimo kinachotumika katika biashara hupaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Rula ya mita iliyovunjika ncha, au iliyochongwa nyumbani, usiikubali.

*Upana.* Mita 4 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 ni eneo la mita za mraba 6. Mita 4 za kitambaa chenye upana wa sentimita 115, ambao ndio wa vitenge vingi, ni mita za mraba 4.6 tu. Kwa hiyo bei ya mita moja haitoshi kulinganisha maduka mawili. Mweleze fundi upana wa kitambaa kwanza, akupe idadi ya mita, ndipo uende dukani.

*Jora moja.* Rangi ya kitambaa hutofautiana kidogo kati ya mkupuo mmoja wa kiwandani na mwingine, hata kama jina la rangi ni lile lile. Tofauti isiyoonekana chini ya taa ya duka huonekana wazi kwenye picha za juani. Nunua vitambaa vya wapambe wote kwa siku moja, kutoka jora moja, pamoja na akiba ya mita moja au mbili kwa ajili ya marekebisho. Kama fedha za wapambe wote hazijafika, mwombe muuzaji akutengee kitambaa kwa malipo ya awali na akuandikie hivyo. Usinunue nusu leo na nusu mwezi ujao.

*Maandishi ya ukingoni.* Jina la kiwanda huchapwa kwenye ukingo wa kitenge. Kampuni ya Vlisco ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, ni miongoni mwa zinazoigwa sana. Kama bei ni ndogo mno kulinganisha na jina lililoandikwa, au herufi zimekosewa, tia shaka. Kununua kitenge cha kawaida kwa bei ya kawaida si kosa. Ni uamuzi wa busara. Kosa ni kuuziwa cha kawaida kwa jina na bei ya kile cha gharama. Bidhaa bandia zinakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

*Majaribio mepesi.* Omba kijipande kidogo, au nunua robo mita kwanza. Kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kikiacha rangi, kitachujuka pia kwenye jasho. Kichore kwa kalamu mraba wa sentimita 10 kila upande, kifue, kikauke, kisha kipime tena. Kikiwa kimerudi, kitambaa chote kilowekwe kabla ya kukatwa. Chomoa nyuzi chache uzichome kwa uangalifu mbali na kitambaa: pamba huacha majivu laini na harufu ya karatasi iliyoungua, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Poliesta si mbovu, lakini huleta joto na haitakiwi kuuzwa kwa jina la pamba.

Mwishowe dai risiti. Mfanyabiashara anayetumia mashine ya kielektroniki anawajibika kutoa risiti yake. Asiyelazimika kuwa nayo akuandikie ya mkono yenye jina lake, tarehe, aina ya kitambaa, idadi ya mita na kiasi ulicholipa. Kitambaa cha magendo kinachouzwa bila risiti huonekana nafuu hadi siku utakapohitaji kuthibitisha ulikinunua wapi.

Kumpa fundi kazi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua pia makubaliano ya mdomo, kwa hiyo fundi hawezi kukwepa wajibu kwa kusema tu kwamba hamkuandikishana. Ugumu upo katika kuthibitisha kilichosemwa. Karatasi moja, hata ya daftari la shule, huondoa ugumu huo. Iandikwe nakala mbili, kila upande ubaki na yake. Tunapendekeza iwe na maneno haya:

MAKUBALIANO YA USHONAJI

1. Jina la fundi, mahali anapofanyia kazi na namba yake ya simu: ..........
2. Jina la mteja na namba yake ya simu: ..........
3. Idadi ya magauni na majina ya watakaoyavaa: ..........
4. Mtindo wa kila gauni (bandika picha au mchoro, taja mikono, shingo, urefu, bitana):..........
5. Kitambaa alichokabidhiwa fundi (aina, rangi, mita): ..........
6. Vitu ambavyo fundi atatoa mwenyewe (zipu, uzi, bitana, vifungo): ..........
7. Bei ya kila gauni na jumla yake: ..........
8. Malipo ya awali, na tarehe za malipo yanayofuata: ..........
9. Tarehe ya kujaribisha: ..........
10. Tarehe ya kukabidhi: ..........
11. Gauni likiharibika au likichelewa, fundi atafanya nini: ..........
12. Harusi ikiahirishwa au mteja akibadili mtindo, mteja atafanya nini: ..........
13. Saini za pande zote mbili na za shahidi mmoja: ..........

Vipengele vya 11 na 12 ndivyo vinavyosahaulika. Kimoja kinamlinda mteja na kingine kinamlinda fundi. Fundi aliyekwisha kukata magauni matano anastahili kulipwa kazi aliyoifanya, hata kama msiba umeahirisha harusi. Mteja aliyepata gauni siku moja baada ya harusi hakupata alichokilipia. Kwa kuwa gauni la mpambe lina siku moja tu ya kazi, andikeni wazi kwamba tarehe ya kukabidhi ni sharti la msingi la makubaliano.

Kuhusu malipo, usitoe fedha zote mwanzoni. Mgawanyo wa mara tatu huzifaa pande zote: sehemu ya kwanza wakati wa kukabidhi kitambaa, ya pili baada ya kujaribisha, na ya mwisho wakati wa kuchukua. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalotokea ni la fundi uliyepatana naye, na utunze ujumbe wa muamala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, kwa hiyo usifute mazungumzo ya simu mliyopatana ndani yake.

Wapambe walio mbali, tuseme mmoja yuko Kibondo na mwingine Mwanza wakati fundi yuko Kasulu, wapimwe na fundi wa huko waliko, si kwa kukisia. Vipimo vya lazima ni kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, bega hadi kiuno, na kiuno hadi chini mtu akiwa amevaa viatu vya siku ile. Taja kama ni inchi au sentimita, kwani inchi 36 ni sentimita 91 na nusu, na kuchanganya vipimo viwili katika orodha moja ni chanzo cha magauni mengi yasiyoingia. Mwombe fundi aache nafasi ya kutosha kwenye mishono ya ubavuni ili gauni liweze kupanuliwa.

Ukinunua lililo tayari, ukiagiza au ukikodi

Wapo wanaoona ni rahisi kununua magauni yaliyokwisha kushonwa. Kwa anayenunua dukani, ushauri ni mmoja: yajaribuni kabla ya kulipa, kila mpambe avae lake, aketi, ainame na anyanyue mikono.

Anayeagiza kwa njia ya mitandao ya kijamii kutoka mji mwingine anahitaji tahadhari zaidi. Picha si gauni. Muombe muuzaji apige picha mpya ya gauni lenyewe, mbele na nyuma, karibu na utepe wa kupimia. Mtake akutajie jina la duka, mahali lilipo, bei pamoja na gharama ya kusafirisha, na utaratibu wa kubadilisha lisiloenea. Asiyekubali kutaja mahali alipo usimtumie fedha. Agiza moja kwanza, ulione, ndipo uagize mengine. Mzigo ukija kwa basi, ufungue mbele ya shahidi na uupige picha kabla hujatia saini ya kupokea.

Kukodi ni njia nzuri kwa gauni ambalo halitavaliwa tena. Kabla ya kulichukua, likagueni pamoja na mwenye duka, mwandike doa, tundu au zipu mbovu iliyokuwapo. Ulizeni kiasi cha dhamana, kitarudishwa lini, nani anafua, na faini ya kuchelewa ni kiasi gani kwa siku. Bila maandishi hayo, doa la harusi iliyotangulia litakatwa kwenye dhamana yako.

Mitumba nayo ina magauni mazuri kwa bei ndogo, ingawa ni vigumu kupata matano yanayofanana. Ukipata, kagua kwapani, kwenye zipu na kwenye upindo. Kumbuka kwamba nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania kwa sababu za afya. Usizinunue hata zikiuzwa pamoja na gauni.

Siku ya kujaribisha na siku ya kuchukua

Kujaribisha kufanyike angalau wiki mbili kabla ya harusi. Mpambe aje na viatu na nguo za ndani atakazovaa siku hiyo. Jambo lisiloridhisha lisemwe palepale na liandikwe kwenye nakala zote mbili. Kunyamaza kwa aibu kisha kulalamika baadaye kunadhoofisha haki yako.

Siku ya kuchukua, usikubali magauni yaliyofungwa kwenye mfuko. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi fursa ya kukagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Itumie fursa hiyo: hesabu magauni, vuta kila zipu, tazama mishono kwa ndani, linganisha rangi nje juani, na dai vipande vilivyobaki vya kitambaa chako. Vipande hivyo ni mali yako, na vitafaa kwa kiraka au kitambaa cha kichwa.

Mambo yakienda kombo

Maduka mengi hubandika tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo halifuti haki yako pale bidhaa inapokuwa na kasoro au inapokuwa si ile uliyoambiwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, na iliyouzwa kwa kuonesha sampuli ilingane na sampuli hiyo. Nayo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kwa hiyo kitambaa ulichouziwa kwa jina la pamba kikagundulika kuwa poliesta, au mita 20 zilizogeuka 18, ni madai halali.

Haki hiyo ina mpaka. Ukibadili mawazo kuhusu rangi uliyoichagua mwenyewe, muuzaji halazimiki kukurudishia fedha; akikubali, ni hisani yake. Na ukikikata kitambaa baada ya kuiona kasoro, umejifungia mlango mwenyewe.

Fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Mwendee muuzaji au fundi mapema, ukiwa na bidhaa, risiti na makubaliano. Mweleze kasoro kwa utulivu na umwambie unachotaka: arekebishe, abadilishe, apunguze bei au arudishe fedha. Mpe muda unaofaa, kwa kuzingatia tarehe ya harusi.
2. Ikishindikana, mweleze mwenyekiti wa mtaa au kijiji, au Afisa Biashara wa halmashauri yako. Migogoro mingi ya kiasi kidogo humalizikia hapo, na pande zote hubaki zikisalimiana.
3. Suala la kipimo pungufu lipeleke Wakala wa Vipimo. Suala la upotoshaji, bidhaa bandia au masharti kandamizi lipeleke kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatanisha nakala za risiti na ujumbe wa malipo.
4. Madai ya fidia yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Chini ya Sheria ya Mikataba, aliyevunja makubaliano anawajibika kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, nawe unatakiwa kufanya lililo ndani ya uwezo wako kuipunguza hasara, kwa mfano kumpa fundi mwingine amalizie.

Wakati wa kudai, anayedai awe yule aliyepatana na kulipa. Ndiyo sababu tunashauri bibi harusi na wapambe wamteue mtu mmoja, mathalani shangazi, wifi au mama mdogo, apokee fedha za wote, azisainie, atunze risiti na azungumze na fundi. Kazi yake iingizwe kwenye taarifa ya mhazini wa kamati kama matumizi mengine yote.

Ratiba fupi ya kubandika ukutani

Miezi mitatu kabla: taja gharama nzima kwa kila mpambe, teua mtunza fedha, uliza taratibu za nyumba ya ibada.

Miezi miwili kabla: chagua mtindo, pata idadi ya mita kutoka kwa fundi, nunua kitambaa chote kutoka jora moja, dai risiti.

Wiki sita kabla: sainini makubaliano, toa malipo ya awali, kabidhi kitambaa na vipimo.

Wiki mbili kabla: jaribisheni, andikeni marekebisho, toa malipo ya pili.

Wiki moja kabla: kagua, hesabu, lipa salio, chukua.

Msimu ukichanganya, hasa wiki zinazofuata Kwaresima na Ramadhani, na likizo za shule za Juni na Desemba, ongeza mwezi mzima kwenye ratiba hii, kwa kuwa mafundi huwa wamezidiwa na kazi. Fundi mwaminifu atakwambia hawezi kuipokea. Mshukuru kwa kusema kweli, uende kwa mwingine ungali na muda.